Milimita Mbili za Ufizi

Sehemu ya Saba

"Daktari, usikate."

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita: mlango umesukumwa kwa kiwiko, sauti imeingia kabla ya mwenyewe, na kisu kidogo kiko ndani ya kinywa cha mwanamke maarufu kuliko wote waliowahi kulala kwenye kiti kile.

Mwenye sauti alikuwa Vumbi.

Jina hilo alipewa na wenzake wa kliniki. Kazi yake ilikuwa kukoroga jasi na kutengeneza sanamu za meno ya wagonjwa, na kazi hiyo ilimwachia nyusi nyeupe kama za bibi wa miaka tisini, ilhali yeye alikuwa na ishirini na saba. Mahali pake palikuwa maabara ya nyuma, chumba kisicho na dirisha. Chumba cha upasuaji hakuruhusiwa kukanyaga. Leo alikikanyaga na kandambili, aproni imejaa unga mweupe, na mfukoni kitu kizito kilichokuwa kikimgonga paja.

"Nani amemfungulia huyu?" aliuliza Daktari bila kugeuka.

"Nimejifungulia."

"Basi jifungie. Kwa nje."

"Umeshakata?"

Shashi iliyofunika meno ya mbele ya mgonjwa ilikuwa nyekundu. Roho ya Vumbi ilishuka hadi kwenye kandambili.

Chini ya taa, juu ya kitambaa cha kijani, macho mawili makubwa yalizunguka, yakamtazama huyu, yakamtazama yule. Macho yale hakuna aliyeyajua. Sauti ndiyo. Kwa miaka tisa watu waliamka na sauti ya mama huyu ikisoma habari redioni saa moja kamili asubuhi. Sasa kituo chake kilikuwa kinafungua televisheni, na mkurugenzi alikuwa amemwambia kwa ule upole unaouma, "Sauti tunayo, dada. Sasa tunangoja uso."

Uso ulikuwa mzuri. Ila akicheka, ufizi ulitangulia na meno yakafuata nyuma kama wageni wenye haya. Ndiyo maana alikuja kupunguzwa ufizi, meno yapate kuonekana marefu. Milimita mbili, basi. Hivyo ndivyo walivyokubaliana.

"Kiolezo kina makosa," alisema Vumbi. "Kinaonyesha ukate nne."

Msomaji uliyejiunga nasi leo, kiolezo ni kipande cha plastiki angavu, chembamba kama ganda la kitunguu, kinachovalishwa juu ya meno kumwonyesha daktari pa kupitisha kisu. Hutengenezwa juu ya sanamu ya jasi ya kinywa cha mgonjwa mwenyewe. Kiolezo kikikosea, kisu nacho kinakosea. Na ufizi si nywele. Ukishatupwa kwenye ndoo haurudi.

Daktari alicheka nyuma ya barakoa. "Kiolezo hiki kimetengenezwa na mjomba wako. Mjomba wako hajakosea tangu mimi nilipokuwa na nywele."

"Leo amekosea. Pima."

"Nimepima kwa macho."

"Kwa macho gani, Daktari? Ganzi imeuvimbisha ufizi kama puto. Hapo hata ukiweka nane hutaziona."

Nesi, aliyeshika mpira wa kufyonza mate, alikohoa kidogo. Kisha, kwa kidole kimoja, kana kwamba anafukuza nzi, akaisogeza mbele ya Daktari fimbo ya kupimia. Ni kijichuma chembamba chenye mistari ya milimita, kisichozidi unene wa sindano ya kushonea.

"Ni dakika moja tu, Daktari," alisema. "Tupime, huyu atoke, tuendelee."

Daktari akavuta pumzi kama mtu anayeombwa mkopo. Akaichukua fimbo. Akaweka ncha kwenye ukingo wa ufizi, akasoma mistari hadi pale kiolezo kilipoishia.

Moja. Mbili.

Tatu.

Nne.

Mashine ya kufyonza iliendelea kuguna peke yake.

"Toa shashi," alisema Vumbi. "Tuone umetoa kiasi gani."

Nesi akainua shashi taratibu, kama mtu anayefunua sufuria ambayo hajui kama imeungua. Damu ilikuwepo. Lakini ufizi nao ulikuwepo, wote, mahali pake, na juu yake mstari mwembamba mwekundu uliopita kutoka jino hadi jino.

"Mstari tu," Nesi alisema. "Hajatoa kitu."

Huo ulikuwa mtindo wa Daktari. Alipenda kwanza kuchora njia kwa ncha ya kisu, kama fundi cherehani anavyochora kwa chaki, ndipo arudi kukata. Kwa mtindo huo wenzake walikuwa wakimcheka kwamba anapoteza muda. Leo ulikuwa umeokoa meno sita.

Vumbi akaegemea ukuta, akaacha alama nyeupe ya mgongo wake mzima.

"Mwiteni huyo mzee," alisema Daktari.

*

Mzee mwenyewe, Fundi Mkuu wa maabara, aliingia na aproni imefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa kaka wa mama yake Vumbi. Ndiye aliyemfundisha kukoroga jasi isiyo na mapovu, na ndiye aliyemfundisha kwamba kinywa cha mtu ni siri yake. Miwani yake ilishikizwa sikioni kwa uzi. Ilibaki miezi mitatu astaafu, na tayari wafanyakazi walikuwa wanagombana kuhusu saa gani ya ukutani wamnunulie.

"Mzee, hii ni nini?"

Mjomba akakipokea kiolezo, akakiinua kwenye taa. "Kazi yangu."

"Ina nne."

"Ina mbili."

"Nimepima mbele ya mashahidi."

"Nilitoa sanamu kwenye sanduku lake," alisema Mjomba polepole. "Sanduku limeandikwa Kabla. Nikapima mbili juu ya ukingo wa ufizi. Mbili, kama siku zote."

Katika maabara ile kila mgonjwa alikuwa na masanduku mawili ya karatasi ngumu. La Kabla lilikuwa na sanamu ya kinywa kilivyo. La Baada lilikuwa na sanamu ya pili, ambayo Vumbi aliichonga ufizi wake kwa kisu cha kuchongea nta, ili mgonjwa aone mapema atakavyotokea. Mjomba alikuwa na sheria moja tu maishani: sanduku halibishaniwi. Lilichoandikwa ndicho lilichobeba.

"Mjomba," Vumbi alisema, "ndani ya la Kabla mlikuwa na sanamu niliyochonga mimi. Nimeikuta sasa hivi, na ndani ya la Baada mna ya mtu mwingine. Ilikuwa imeshapunguzwa mbili, wewe ukaongeza mbili."

Mjomba alifumba macho. "Nikaishika mkononi nisiijue."

"Nilichonga vizuri."

"Ulichonga vizuri kupita kiasi, mwanangu."

"Basi nani alizichanganya?" Daktari aliuliza, na hakusubiri jibu. "Miwani imechoka, mzee. Na mwenye miwani pia. Miezi mitatu ni mingi. Vua aproni leo."

Vumbi aliona vidole vya mjomba wake vikienda kwenye kifungo cha kwanza. Havikutetemeka. Hilo ndilo lililomuuma.

"Ni mimi," alisema. "Nilichanganya mimi, Daktari. Jumanne. Nilikuwa na haraka."

"Wewe?" alisema Mjomba. "Wewe ambaye hata soksi zako umeziandika namba?"

"Mjomba, nyamaza tu."

"Ninyamaze vipi unavyoongopa vibaya hivyo? Ukiongopa unajikuna shingo. Tangu mtoto. Hebu muoneni."

Wote wakamwangalia. Vumbi akaushusha mkono kutoka shingoni.

Hapo ndipo kitambaa cha kijani kilipoanza kusogea chenyewe. Mkono ukatoka chini yake, ukakivuta, ukakitupa sakafuni. Msoma habari akainuka nusu, akautoa mpira wa mate mdomoni, akasema neno.

Mdomo wake wa juu ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalitoka kama ya mtu anayehutubia huku ameuma mto. Sisi tutaandika alivyokusudia. Mama huyu ana heshima yake mjini.

"Mzee, funga kifungo chako," alisema. "Nilizibadilisha mimi."

*

"Dada, umesema nini?"

"Umenisikia, Daktari. Jumanne nilipoirudisha ile sanamu ya Baada niliyoazima nikamwonyeshe mume wangu. Nesi aliniambia niiache mezani, wote wameenda kula. Sikuiacha mezani. Niliitia kwenye sanduku la Kabla, na ile ya Kabla nikaondoka nayo kwenye mkoba."

"Kwa nini?" Nesi aliuliza, akiwa amesahau kabisa kazi ya mate.

"Kwa sababu niliomba nne nikapewa mbili. Na huyu binti, kwa furaha zake, alikuwa amenieleza kiolezo kinavyopimwa. Nikaona nikiweka iliyochongwa, mbili zitapanda juu ya mbili. Hesabu ya darasa la pili."

"Hesabu ni sawa," alisema Mjomba. "Ila mdomo hukuuuliza."

"Na kwenye sanduku la Baada?" Vumbi aliuliza. "Kwa nini uliweka sanamu ya mtu mwingine?"

"Nilitaka lisiwe jepesi. Nilichukua moja kuukuu kutoka rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo. Nilidhani haina mwenyewe."

Mjomba aligeuka ghafla hadi uzi wa miwani ukakatika. "Rafu ya juu?"

"Ninayo hapa, Mjomba," alisema Vumbi, akigusa mfuko wa aproni. Ilikuwa imemgonga paja tangu maabara, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakuwa ameitazama vizuri.

"Irudishe."

"Nitairudisha, ila—"

"Nimesema irudishe ilikotoka. Sasa hivi. Usiitazame."

Katika miaka kumi ya kazi Mjomba hakuwahi kumpandishia sauti. Vumbi akabaki amekodoa macho, mkono mfukoni.

Daktari hakuwa anawasikia. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. "Haya, yameisha," alisema kwa ile sauti yake ya tangazo. "Dada, umetuchezea, tumecheka, tumesameheana. Mstari huu utapona wenyewe. Napima upya, nakata mbili, unakwenda zako nyumbani."

"Nne," alisema msoma habari.

"Haiwezekani."

"Kiolezo kipo. Kisu kipo. Mimi nipo. Kinachokosekana ni nini?"

"Akili," Nesi alinong'ona, kisha akajitia anakohoa.

Msoma habari alimsikia, wala hakukasirika. Alipoanza tena, ilikuwa ni ile sauti ya saa moja kamili, hata kwa mdomo mzito.

"Mnajua mimi nacheka nimeziba mdomo? Si hadharani tu. Hata studio. Mle ndani niko peke yangu, hakuna kamera, hakuna dirisha. Fundi mitambo akinitania kwenye spika, naziba mdomo. Miaka tisa naificha maikrofoni ufizi wangu."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa inachekesha, lakini hakuna aliyecheka.

Vumbi akamsogelea. Alisahau kwamba hakuruhusiwa. "Dada yangu, mbili zinatosha. Ile sanamu uliiona mwenyewe. Ulilia."

"Nililia kwa sababu nilijua nitataka zaidi."

"Nne ni mbaya. Hapo mfupa lazima uguswe, na mzizi wa jino unachungulia nje. Mzizi hauna koti. Maji baridi yakipita, chai ya moto ikipita, upepo wa asubuhi ukipita, vyote unavisikia hadi kisogoni. Na hakuna kurudi."

"Umewahi kumwona mtu wa nne?"

Vumbi akatikisa kichwa. Hakuwahi.

"Basi unasimulia ya vitabuni. Daktari, ng'ambo ya barabara kuna mwenzako. Nilimpigia simu jana. Yeye hata sita anakata. Wiki sita zijazo nitakuwa kwenye skrini ya kila sebule, na wataniuliza meno haya nimetengenezewa wapi. Nitaje kwako au nitaje kwake?"

Sasa, msomaji, ielewe hali ya Daktari. Wafanyakazi wake, akiwa hayupo, walimwita Bango. Juu ya mlango wa kliniki lilisimama bango la mita nne lenye uso wake ukitabasamu, kila jino kubwa kama mlango wa kabati, na chini yake maneno: TABASAMU HILI NILIZALIWA NALO, LAKO TUTALITENGENEZA. Mwenzake wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameweka la mita tano.

Daktari alitazama dirishani. Alilitazama lile la mita tano.

"Nesi," alisema, "leta fomu. Atie sahihi kwamba amejitakia."

*

Ni hapo Vumbi alipoitoa sanamu mfukoni.

Usiitazame, Mjomba alikuwa amesema. Aliitazama.

Jasi yake ilikuwa ya manjano kwa umri, kama karatasi ya cheti cha zamani. Ilikuwa na ufizi mwingi, mwingi kuliko wa msoma habari, meno mafupi yamejikunyata chini yake kama watoto waliofunikwa blanketi. Na jino la pili la kushoto lilikuwa limemwegemea jirani yake kidogo, kama mtu anayemnong'oneza habari.

Vumbi hakuwa mzuri wa kukumbuka sura. Alishawahi kumpita shangazi yake sokoni. Lakini jino akiliona mara moja, hasahau. Na jino lile linalonong'ona alikuwa akilipita kila asubuhi akiingia kazini, likiwa kubwa kama mlango wa kabati.

Akaigeuza sanamu. Chini, kwa penseli, kwa mwandiko wa Mjomba, kulikuwa na tarehe ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Kando yake, ndani ya duara, tarakimu moja tu.

4.

"Daktari," alisema, "hebu vua barakoa kidogo."

"Utoke."

"Hukuzaliwa nalo."

Nesi, aliyekuwa anarudi na fomu, akasimama mlangoni.

"Mtoto huyu ana wazimu," alisema Daktari. "Mzee, mtoe mpwa wako kabla sijawatoa wote wawili."

Mjomba alivua miwani iliyokatika uzi, akaitia mfukoni. Bila miwani alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi na mchovu zaidi.

"Nimenyamaza miaka ishirini na miwili," alisema. "Kinywa cha mtu ni siri yake. Lakini si kwa kumharibu mwingine." Akamgeukia msoma habari. "Mama, umeuliza kama kuna aliyemwona mtu wa nne. Mimi nimemwona. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, anaogopa kucheka mbele ya wagonjwa. Alinibembeleza siku tatu. Nikamtengenezea kiolezo cha nne, rafiki yake akamkata. Tangu siku ile sijatengeneza zaidi ya mbili. Na tangu siku ile yeye hajanywa maji baridi."

"Ndiyo maana nampashia maji," Nesi alisema taratibu. "Aliniambia ni kwa ajili ya ngozi."

"Ni kwa ajili ya ngozi," alisema Daktari.

Msoma habari aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na mstari wa damu kwenye ufizi, ganzi hadi puani, na bado alikuwa ndiye mtu mwenye utulivu kuliko wote mle ndani.

"Mimi ni mwandishi wa habari," alisema. "Chanzo kimoja hakinitoshi. Nesi, barafu ipo?"

Barafu ilikuwepo. Huwekwa tayari kwa ajili ya shavu la mgonjwa baada ya upasuaji. Nesi akaimimina kwenye glasi, akajaza maji, akaileta. Barafu ilipasuka ndani ya glasi kwa mlio mdogo.

"Kunywa, Daktari. Ukinywa nikaona huumii, nitajua mzee anasimulia ngano. Tutakata nne, na nitakutaja kwenye skrini kwa jina lako na la baba yako."

Vumbi alijua Daktari atakataa. Nesi alijua. Mjomba alikuwa amekwisha kuangalia chini, kwa aibu ya kumwangalia mtu akikataa.

Daktari akavua barakoa. Akaichukua glasi.

Akainywa yote.

Hakuacha hata tone. Koo lilipanda, likashuka, likapanda. Barafu ya mwisho iligonga meno, kila mtu akaisikia. Kisha akaiweka glasi kwenye trei kwa upole, akavaa barakoa, akasimama wima kama aliye kwenye bango.

Mjomba aliinua uso, mdomo wazi, akionekana kwa mara ya kwanza kama mzee aliyechanganya mambo.

"Vizuri," alisema msoma habari. Akajilaza, akafumba macho. Akafungua kinywa, akainua mkono hewani na vidole vinne vimenyooka, ili pasiwe na mabishano tena.

Daktari akakichukua kisu.

Vumbi alikuwa amesimama ubavuni mwake, ndiyo maana aliona yeye peke yake. Kwenye pembe ya jicho la Daktari kulijaa chozi, likashuka, likapotelea ndani ya barakoa. Likafuata la pili. Na mkono ule, ambao kwa miaka ishirini ulisifiwa kwa kutotetemeka, ulikuwa unatetemeka hadi kisu kikagonga ukingo wa trei. Ti. Ti. Ti.

Msoma habari hakuweza kuona chozi. Lakini alikuwa mtu wa masikio.

"Daktari," alisema bila kufumbua macho, "maji yalikuwaje?"

Kisu kikagonga trei tena.

"Neno moja tu. Sema mazuri. Mimi sauti huijua."

Daktari alifungua mdomo ajibu. Hewa ikaingia kabla ya neno kutoka, ikapita kwenye meno yale marefu yaliyotoka kuoga barafu, na neno halikutoka. Kilichotoka ni mguno wa mtu aliyekanyagwa. Na mkono wake wa kushoto, wenyewe, bila kuagizwa, uliruka ukamziba mdomo juu ya barakoa.

Hapo msoma habari alifumbua macho.

Mkono ule aliujua. Vidole vinne juu, kidole gumba shavuni, kichwa kimeinama kidogo pembeni. Alikuwa ameubeba mkono ule miaka tisa mbele ya maikrofoni. Sasa aliuona kwa mtu mwenye bango la mita nne.

"Pole, kaka," alisema. Na alisema kweli, hakuna kejeli ndani yake.

Daktari akakiacha kisu kwenye trei. Akatoka mkono mdomoni, akapita kando ya Nesi bila kumwona. Waliusikia mlango wa ofisi yake ukifungwa, kisha ufunguo ukizunguka.

Msoma habari alikuwa bado ameinua vidole vinne. Akavitazama kama si vyake. Akakunja kimoja. Akangoja kidogo. Akakunja cha pili.

Vikabaki viwili.

Vumbi alipumua. Mjomba alianza kufunga kile kifungo cha shingoni, na mara hii vidole vikamtetemeka.

"Ganzi imebaki nusu saa," alisema Nesi, akiangalia saa, "na ufizi umeshachorwa. Daktari amejifungia. Nani anakata?"

Mle ndani kulikuwa na fundi asiye na miwani, nesi mwenye mpira wa mate, na binti mwenye nyusi nyeupe aliyekuwa amekata fizi zaidi ya elfu mbili maishani mwake, zote za jasi.

"Ile sanamu iliyoniliza," alisema msoma habari polepole, "aliichonga nani?"

Na kimoja kati ya vile vidole viwili kikageuka, kikamwelekea Vumbi.